Ukingo wa Dari

Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22 na mstari wa 8, iko sheria ndogo ambayo wahubiri wengi tunaipita bila kusimama. Mtu akijenga nyumba mpya, anaagizwa aweke ukingo kuzunguka dari yake, ili mtu asije akaanguka kutoka juu na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo. Katika Israeli ya kale dari ilikuwa mahali pa watu. Walianika vitu huko, walilala huko wakati wa joto, walikaa na wageni huko. Mungu hakungoja mtu wa kwanza aanguke ndipo atoe agizo. Wala hakumtaka jirani athibitishe kwanza kwamba ataanguka. Wajibu aliuweka kwa mwenye nyumba, tena aliuweka mapema.

Tunaandika tukiwa Upanga, na hapa dari zimepata wakazi wapya. Tembea kutoka Barabara ya Umoja wa Mataifa kuelekea Kariakoo huku umeinua macho. Juu ya nyumba za zamani ambazo wazee bado wanaziita za Msajili, juu ya maghorofa mapya, juu ya nyumba za wageni na maduka na, tuseme kweli, katika viwanja vya nyumba za ibada, imesimama milingoti na antena za simu. Watu wanalala chini yake, pembeni yake na mkabala nayo. Hoja yetu katika makala hii ni moja: Kanisa halina haki ya kuwatisha watu kwa habari za minara hiyo, na halina haki ya kupokea pango lake huku limefumba macho. Ukingo wa dari ni wajibu wetu, na mpaka sasa hatujaujenga.

Saini yetu

Katika mojawapo ya sharika zetu za katikati ya jiji, ambao hatuutaji kwa sababu aibu yake ni yetu sote, uliletwa mkataba mbele ya baraza la wazee. Kampuni ilitaka sehemu ndogo ya kiwanja, nyuma ya ukumbi, isimamishe mnara. Pango lake lingemalizia ukumbi uliosimama bila dari kwa miaka. Ajenda hiyo haikuchukua muda mrefu. Mama mmoja, mzee wa kanisa, aliyekuwa amekaa nyuma, aliinua mkono akauliza, "Baba Mchungaji, hawa jirani zetu wa ng'ambo ya ukuta wameulizwa?" Akajibiwa kwamba kiwanja ni chetu na hati ni yetu. Tukaomba sala ya kufunga, tukatia saini.

Mnara ukasimama. Pamoja nao ikaja jenereta, ikawekwa karibu na ukuta wa mpaka, na kila umeme ulipokatika ikanguruma usiku kucha. Baada ya miezi kadhaa akaja mzee mmoja, Mwislamu, aliyeishi katika nyumba ile ya jirani tangu ujana wake. Akatusalimu vizuri, akakaa. Alisema mambo mawili. La kwanza, moshi wa jenereta unaingia katika chumba anacholala mjukuu wake, na mtoto huyo ana pumu. La pili, watu mtaani wanasema mnara unatoa mionzi, naye angependa kuona karatasi ya vipimo. "Mchungaji," alisema, "mimi sikuja kugombana. Nataka nione karatasi tu."

Hatukuwa na karatasi. Tulimwambia kwamba wataalamu wanasema ni salama. Akauliza ni wataalamu gani, na walipima lini, na walisimama wapi walipopima. Hatukujua. Alitushukuru kwa maji tuliyompa, akaenda zake.

Tumelifikiria swali lake tangu siku hiyo, na tumeona kwamba katika suala hili tumezivunja amri mbili. Wengine wetu wamevunja ya Nane, wengine ya Tano, na wako waliofaulu kuzivunja zote kwa pamoja.

Amri ya Nane na watishaji

Tuanze na watishaji, maana sauti yao ni kubwa. Sisi Walutheri tunahesabu katazo la kumshuhudia jirani uongo kuwa Amri ya Nane, na Katekismo Ndogo inatufundisha kwamba amri hiyo inagusa ulimi wote, hata pale ambapo hatujasimama mahakamani. Mhubiri anayesema asichokijua, akakipaka Maandiko juu yake, anaivunja kila Jumapili.

Mwaka 2020 tuliwasikia, hata ndani ya makanisa, waliosema kwamba corona inaletwa na minara ya 5G. Tuhesabu basi. Mgonjwa wa kwanza wa corona nchini alitangazwa tarehe 16 Machi 2020. Huduma ya 5G ilizinduliwa kwa wateja Tanzania mwaka 2022. Ugonjwa uliwezaje kuletwa na mnara ambao haukuwapo? Huko Uingereza uvumi huo uliwafanya watu wachome minara kwa makumi, na mmoja wa minara iliyoshambuliwa ulikuwa ukihudumia hospitali ya muda ya wagonjwa wa corona mjini Birmingham. Wapo pia waliohubiri kwamba masafa hayo ndiyo alama ya mnyama. Mwandishi wa Ufunuo alikuwa na neno la kuwaambia Wakristo waliokandamizwa na dola ya Rumi. Hakuwa akieleza mitambo ya simu.

Tunao msemo kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Katika mambo ya afya msemo huu umeua watu. Lisemwalo linaweza kuwa halipo kabisa, na wakati tunalikimbiza, lililopo linatupita.

Basi ni kipi kilichopo? Mawimbi ya simu ni ya ukoo mmoja na mawimbi ya redio na mwanga. Wataalamu wanayaita mionzi isiyoayonisha, maana yake hayana nguvu ya kuvunja chembe za mwili kwa namna ambayo eksirei ya Muhimbili au mashine za tiba pale Ocean Road zinaweza. Madhara yake yaliyothibitika, yanapokuwa makali sana, ni kupasha mwili joto. Tena hupungua haraka kwa umbali: ukienda mbali mara mbili, nguvu inabaki kama robo. Antena haimwagi mawimbi chini kama bomba la mvua. Huyatupa mbele, kama taa ya mnara wa bahari, ndiyo maana aliyesimama chini kabisa ya mnara mara nyingi hupata kidogo kuliko aliye mbele yake.

Kuna jambo jingine ambalo watishaji hawalisemi. Kwa kichwa cha mtu, simu iliyobanwa sikioni hutoa mawimbi mengi kuliko mnara wa mtaani. Na simu iliyo mbali na mnara hulazimika kupaza sauti ili isikike. Anayetaka minara yote ing'olewe Upanga anataka, bila kujua, simu zote za Upanga zipige kelele zaidi sikioni mwa wenyewe. Huo si ulinzi wa afya.

Yanayojulikana na yasiyojulikana

Amri ya Nane inatudai pia tuseme yale ambayo hayajafungwa. Mwezi Mei 2011 wataalamu wa Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani walikutana Lyon, Ufaransa, wakayaweka mawimbi haya katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani. Watishaji hushika neno saratani, wauza huduma hushika neno huenda. Kundi hilo lina vitu vingi vya aina mbalimbali, zikiwamo mboga zinazochachushwa kwa njia za kienyeji katika baadhi ya nchi za Asia. Maana yake ni kwamba kuna dalili zinazofaa kuangaliwa, na ushahidi hautoshi.

Dalili zenyewe ni zipi? Utafiti uliofanywa katika nchi 13, uliotangazwa mwaka 2010, haukuona ongezeko la saratani ya ubongo kwa watumiaji wa simu kwa jumla. Kwa kundi dogo la waliotumia simu saa nyingi kuliko wote ilionekana dalili, lakini watafiti wenyewe walisema kasoro za utafiti zinawazuia kuhukumu. Mwaka 2018 mpango wa taifa wa Marekani wa kuchunguza sumu ulitoa matokeo ya panya waliowekwa kwenye mawimbi saa tisa kwa siku kwa miaka miwili. Panya dume walipata uvimbe wa moyo. Ajabu ni kwamba waliishi muda mrefu kuliko wenzao ambao hawakupigwa mawimbi. Mwaka 2024 mapitio makubwa yaliyoagizwa na Shirika la Afya Duniani hayakuona uhusiano kati ya simu na saratani ya ubongo. Hiyo ndiyo hali. Uzito wa ushahidi unaegemea upande wa usalama, na mlango wa uchunguzi haujafungwa.

Na viumbe wengine je? Viwango vya kimataifa vimeandikwa kumlinda binadamu. Ndege na nyuki hawamo humo. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oldenburg, Ujerumani, walionyesha kwamba ndege wadogo wanaohama walipoteza dira yao ndani ya mji kwa sababu ya kelele dhaifu za umeme, wakairudia walipokingwa kwa mabati ya alumini. Kelele hizo hazikuwa za masafa ya simu. Zilikuwa za chini zaidi, kama zile za redio za masafa ya kati na za vifaa vya umeme. Hatuwezi basi kuutumia utafiti huo kuushitaki mnara wa simu. Tunaweza kuutumia kukumbuka kwamba kiumbe cha Mungu kinaweza kuguswa na kitu ambacho sisi hatukisikii, na kwamba hakuna aliyekiuliza.

Tumeacha jambo moja makusudi mpaka hapa. Mwezi Juni 2012, mwaka mmoja baada ya kikao kile cha mawimbi, shirika lilelile liliuweka moshi wa injini za dizeli katika kundi la kwanza, la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Humo ndimo ilimo tumbaku. Humo ndimo ulimo uzi wa asbesto. Malalamiko ya kwanza ya mzee yule jirani yetu, yale ya moshi chumbani kwa mjukuu, hayakuhitaji mjadala wowote wa kisayansi. Mtaa mzima ulikuwa ukibishana juu ya kisichoonekana, na kinachoonekana na kunukia kilikuwa kinaingia dirishani kila umeme ulipokatika.

Amri ya Tano na wanyamazao

Sasa tuwageukie wenzetu wa upande wa pili, ambao ndio sisi tuliotia saini. Katika Katekismo, Amri ya Tano inadai zaidi ya kutoua. Inadai tusimdhuru jirani mwilini, na tena tumsaidie katika mahitaji yake ya mwili. Asiyemsaidia ilhali anaweza, amekwisha kuivunja.

Wanyamazao wana neno moja wanalolipenda: haijathibitishwa. Neno hilo ni la kweli, na wanalitumia vibaya. Haijathibitishwa kwamba inadhuru ni sentensi moja. Imethibitishwa kwamba haidhuru ni sentensi nyingine. Magari yaliyopita Msimbazi na Jangwani kwa miongo mingi yalichoma petroli yenye madini ya risasi, na dunia ilihakikishiwa na wauzaji kwamba hakuna tatizo. Afrika kusini mwa Sahara iliachana na petroli hiyo mwanzoni mwa 2006, baada ya vizazi vya watoto kuivuta. Hatusemi kwamba mawimbi ya simu ni sawa na risasi. Ushahidi wa risasi ulikuwa mzito tangu zamani, huu si mzito. Tunasema kwamba anayefaidika na kitu si shahidi anayetosha juu ya usalama wake. Na Kanisa likishapokea pango, nalo ni mmoja wa wanaofaidika.

Viwango vipo. Tume ya kimataifa ya kinga dhidi ya mionzi isiyoayonisha ilivitoa mwaka 1998 ikavipitia upya mwaka 2020. Kwa raia wa kawaida, kiasi cha mawimbi kinachoruhusiwa mwilini kimewekwa mara 50 chini ya kile kinachoanza kuleta madhara ya joto. Kwa masafa ya megahezi 900, yanayotumika sana kwa simu, kipimo hicho kinafika wati 4.5 kwa mita moja ya mraba. Nchi nyingine ziliona zijiwekee ukingo wa ziada. India ilishusha kiwango hicho hadi sehemu moja ya kumi mwaka 2012. Italia, tangu 2003, iliweka volti 6 kwa mita mahali watu wanapokaa kwa muda mrefu, ikapandisha hadi 15 mwaka 2024, na bado iko chini sana ya 41 ya kimataifa kwa masafa hayo. Ufaransa, kwa sheria ya 2015, ilikataza Wi-Fi katika vyumba vya watoto walio chini ya miaka mitatu kwenye vituo vya kulea watoto. Hakuna hata moja ya nchi hizi iliyosubiri maiti. Wala hakuna iliyokosa mtandao.

Kwetu, Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania hupima mawimbi ya minara, na imekuwa ikiueleza umma kwamba vipimo vyake viko chini ya viwango vya kimataifa. Sisi tunaiamini. Lakini tunauliza swali la Upanga: vilipimwa wapi, na lini?

Maana Upanga inapanda juu. Antena iliwekwa juu ya nyumba ya ghorofa nne wakati nyumba hiyo ilikuwa ndefu kuliko zote mtaani, na mawimbi yake yalipita juu ya vichwa vya watu. Leo nyumba ya jirani imevunjwa na pamesimama ghorofa kumi na kitu. Mama ananyonyesha kwenye roshani ya ghorofa ya tano, uso kwa uso na antena, kwa upana wa kichochoro kimoja. Aliyepimwa mwaka ule alikuwa mpita njia aliyesimama chini barabarani. Huyu wa roshani, nani amempima? Huenda kipimo chake kiko sawa kabisa. Basi apewe karatasi aisome.

Na isisemwe kwamba sheria ikiwapo kwenye makaratasi inatosha. Tunaoishi kati ya Upanga na Kariakoo tumezika watu. Ijumaa Kuu ya 2013, tarehe 29 Machi, jengo lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi lilianguka, wakafa watu 36. Tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa jingine likaanguka Kariakoo, wakafa watu wasiopungua 29. Majengo yale hayakuangushwa na minara, na hatutaki mtu aseme tumesema hivyo. Lakini mji uliofiwa hivyo unajua tofauti kati ya kanuni iliyoandikwa na kanuni iliyokaguliwa. Mlingoti, betri na jenereta vikipandishwa juu ya dari ya zamani ni mzigo pia, na jirani ana haki ya kujua ni mhandisi gani aliyeupiga hesabu.

Wanaotupinga

Kwanza tunaambiwa kwamba minara ni maendeleo. Ni kweli, na sisi wenyewe tunapokea sadaka kwa simu. Mama mjamzito anaita gari usiku kwa simu. Mchuuzi wa Kariakoo anamlipa mwenye mzigo kwa simu. Ndiyo sababu hatudai minara iondolewe. Gari pia ni maendeleo, na hakuna aliyewahi kusema kwamba breki zinapinga maendeleo.

Pili tunaambiwa kwamba wachungaji si wanasayansi. Hilo nalo ni kweli. Lakini swali la mama yule wa barazani halikuwa la sayansi. Aliuliza kama jirani ameulizwa. Swali hilo ni letu kabisa, ndilo tulilosomea, na ndilo tuliloshindwa.

Tatu tunaambiwa kwamba tukianza kubandika vipimo na kuwaita majirani, tutazua hofu. Uzoefu wetu ni kinyume chake. Hofu ya Upanga haikuzuka kwa sababu ya karatasi. Ilizuka kwa sababu karatasi haikuonekana, na pale ambapo ukweli haukubandikwa, uvumi hupata nafasi ya kubandika wake. Mwenye kunyamaza humlisha mwenye kutisha, na wote wawili wanamwacha jirani alivyokuwa.

Nne, na hili linasemwa kwa sauti ya chini, usharika unahitaji fedha. Tunajua. Tumekaa katika vikao hivyo. Lakini hatuwezi kuimba katika ukumbi uliokamilishwa kwa pumzi za mtoto wa ng'ambo ya ukuta.

Tunachodai

Kwa mamlaka za nchi tunadai mambo manne. Hatuombi fadhili. Katiba yetu, Ibara ya 18, inampa kila mtu haki ya kupewa taarifa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inampa kila mtu anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na ya afya, na inatambua kanuni ya tahadhari. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ipo tangu 2016.

La kwanza, vipimo vya kila mnara vibandikwe langoni pake, kwa Kiswahili, vikionyesha tarehe, mahali aliposimama mpimaji, kiasi kilichoonekana na kiasi kinachoruhusiwa. La pili, mnara upimwe tena kila antena inapoongezwa na kila jengo jipya linapopanda mkabala nao, tena upimwe pale watu wanapolala. La tatu, kwa shule, hospitali, vituo vya watoto na nyumba za kulala, nchi yetu ijiwekee kiwango cha chini ya kile cha kimataifa, kwa tahadhari, kama walivyofanya wengine. La nne, jenereta isiwekwe chini ya dirisha la mtu, na moshi na kelele zake zipimwe kwa ukali uleule unaodaiwa kwa mawimbi.

Kwa Kanisa tunadai zaidi, kwa sababu ndilo letu. Usharika wowote usitie saini mkataba wa mnara kabla ya kukaa na majirani, Wakristo, Waislamu, Wahindu na wasio na dini, pamoja na mwenyekiti wa serikali ya mtaa, na mwandiko wa kikao hicho uambatanishwe na mkataba. Mkataba uwe na kifungu kinachompa mwenye kiwanja haki ya kuleta mpimaji na kudai marekebisho. Mikataba iliyokwisha kusainiwa ifunguliwe na kusomwa mbele ya washarika. Na kila mchungaji atakayesimama madhabahuni kusema juu ya minara asome kwanza, au anyamaze.

Kanisa letu si geni katika mambo ya namna hii. Mwaka 1977, hapahapa Dar es Salaam, Mkutano Mkuu wa Sita wa Walutheri duniani ulitamka kwamba kuukataa ubaguzi wa Afrika Kusini ni suala la imani yenyewe. Mnara si ubaguzi wa rangi, na hatulinganishi. Lakini Walutheri waliokutana katika jiji hili walikataa kusema kwamba miili ya watu ni shauri la serikali peke yake. Kule Kilimanjaro Askofu Fredrick Shoo aliwafundisha washarika kupanda miti hadi akaitwa askofu wa miti. Kanisa linalojua kupanda mti mlimani haliwezi kudai kwamba mlingoti wa chuma uliopandwa katika kiwanja chake mjini haulihusu.

Turudi kwa mwenye nyumba wa Kumbukumbu la Torati. Sheria haikumkataza kuwa na dari. Haikumwambia aiogope, wala kwamba kila apandaye ataanguka. Ilimwambia ajenge ukingo, kwa gharama yake, kwa ajili ya mtu ambaye huenda hata hamjui jina.

Karatasi aliyoiomba mzee yule bado hatujampa. Tumekwisha kuandika barua kuomba vipimo vipya, na tumeomba jenereta ihamishiwe upande wa barabara. Itakapopatikana karatasi, hatutamwita ofisini. Tutazunguka ukuta, tutabisha hodi kwake, tutaisoma pamoja naye mstari kwa mstari, hata kama ina habari mbaya kwetu. Na mama yule wa barazani tutamwomba atutangulie, maana yeye ndiye aliyeuliza kwanza. Mungu atusamehe kwa kuchelewa, na atupe ujasiri wa kubisha.